Ofisi zitaje muundo wa faili, si jina la programu

Matangazo mengi ya kazi, ya zabuni ndogondogo na ya nafasi za masomo humalizika kwa sharti linalopita bila kujadiliwa: maombi yatumwe kwa faili la Word. Anayeandika sharti hilo yuko ofisini, mbele ya kompyuta iliyonunuliwa na mwajiri pamoja na programu zake. Anayelitekeleza yuko nyumbani. Huenda ana simu yenye WPS Office, huenda ana kompyuta mpakato ya mtumba yenye LibreOffice, huenda anatumia Word ambayo fundi wa dukani aliiweka bila leseni. Anauandika wasifu wake vizuri, anautuma, na kule unakofika unafunguka jedwali limepinda, picha imelalia jina, na kurasa mbili zimekuwa tatu. Lawama humwangukia yeye: hajui kompyuta, hakuwa makini, alilipua kazi. Lawama hiyo haimstahili. Mwenye uwezo wa kuweka sharti ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha linatekelezeka kwa vifaa ambavyo watu wanavyo majumbani. Na wajibu huo si mzito. Ofisi zitofautishe waraka uliokamilika na waraka ambao bado unahaririwa, kisha zitaje muundo wa faili ulio wazi kwa kila mmoja, badala ya kutaja programu ya kampuni moja.

Tuanze na kile hasa kinachoharibika. Faili la maandishi, liwe limetoka Word, LibreOffice au WPS, halibebi picha ya ukurasa. Linabeba maneno pamoja na maagizo: kichwa hiki kiwe cha ukubwa wa 14, aya hii iingie ndani sentimita moja, jedwali hili liwe na safu nne. Kila linapofunguliwa, programu huyasoma maagizo hayo upya na kuupanga ukurasa kwa namna yake. Ni kama vipimo wanavyopelekewa mafundi cherehani wawili, kila mmoja na kitambaa chake: vipimo ni vilevile, lakini mashati hayatoki sawa. Programu moja huhesabu nafasi kati ya mistari hivi, nyingine vile. Moja huiacha picha pale ilipowekwa, nyingine huifanya ifuate aya iliyo karibu nayo. Tofauti ya nusu milimita katika mstari mmoja hakuna anayeiona. Ikijirudia katika mistari 40, inakuwa sentimita mbili, na sentimita mbili zinatosha kusukuma saini ya mwombaji hadi ukurasa mpya ambako inabaki peke yake.

Chanzo kikubwa cha vurugu hizo ni fonti. Tangu Office ya 2007, Word iliandika kwa Calibri bila mtumiaji kuichagua. Mwaka 2023 Microsoft ikatangaza kwamba nafasi hiyo inachukuliwa na Aptos. Fonti hizo ni mali ya kampuni, na programu nyingine haziwezi kuzisambaza zitakavyo. Faili nalo, kwa kawaida, hubeba jina la fonti tu, si fonti yenyewe. Likifika kwenye kifaa kisicho nayo, programu hutafuta mbadala, na herufi za mbadala zikiwa pana kidogo tu, kila mstari hukatika mahali papya. Watengenezaji wa programu huria walilitambua tatizo hili mapema. Mwaka 2007 Red Hat ilitoa fonti za Liberation, ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa na Arial, Times New Roman na Courier New. Baadaye zikaja Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria. Ni kazi ya kusifiwa, lakini mbadala hizo hazimo katika kila simu. Wala tatizo si la programu za bure peke yake: Word ya zamani isiyo na Aptos nayo hutafuta mbadala inapofungua faili lililoandikwa kwa Word mpya. Sharti la "faili la Word" halimhakikishii hata mwenye Word kwamba waraka utafika kama ulivyotoka.

Juu ya fonti kuna karatasi. Ofisi za Afrika Mashariki zinatumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Wamarekani wanatumia Letter, yenye 216 kwa 279, na programu iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani mara nyingi huanza na karatasi hiyo bila kumuuliza mtu. Kimo cha ukurasa kinapungua kwa milimita 18, yaani mistari mitatu au minne, na mwandishi haoni chochote kwenye kioo kidogo cha simu. Kisha kuna mazoea yetu ya uchapaji. Wengi tulirithi mtindo wa taipureta: kupanga tarehe upande wa kulia kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara 30, kuanza ukurasa mpya kwa kubonyeza kitufe cha mstari mpaka uishe, kuweka anwani ndani ya visanduku vinavyoelea. Mpangilio wa namna hiyo hukaa sawa katika kompyuta moja tu, ile ulipoandikwa. Hili ni kosa la mtumiaji, na halifai kufichwa. Lakini ni kosa ambalo halingemdhuru mtu kama waraka wake ungepokelewa ukiwa umefungwa, badala ya kupangwa upya na mashine ya mtu mwingine.

Katika majedwali ya hesabu hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu haionekani. Barua iliyovurugika inajitangaza. Tarakimu iliyogeuka imetulia kimya. Mhazini wa kikoba anayeandika marejesho ya tarehe 03/04/2025 anakusudia tarehe 3 Aprili. Orodha hiyo ikihamishwa kama maandishi matupu na kufunguliwa katika programu iliyowekwa kwa taratibu za Marekani, inasomeka tarehe 4 Machi, na faini ya kuchelewa inaweza kuhesabiwa kwa mwezi mzima. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake. Haya si makosa ya watu wasiosoma. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza makala za kisayansi zilizoambatishwa orodha za jeni katika Excel waligundua kwamba karibu moja kati ya tano ilikuwa na majina yaliyogeuzwa kuwa tarehe au namba. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo uliobadilisha baadhi ya majina hayo, kwa mfano MARCH1 ikawa MARCHF1, ili tu Excel isiyafanye siku za mwezi Machi. Mwaka huohuo, nchini Uingereza, takribani wagonjwa 16,000 wa Uviko-19 waliachwa nje ya taarifa za kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakiingizwa katika muundo wa zamani wa Excel, ambao unaishia mstari wa 65,536. Muundo mpya unachukua mistari 1,048,576. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa wataalamu wa taifa tajiri. Ikiwa wao uhamishaji wa faili uliwashinda, hatuwezi kumwambia mhazini wa kikoba kwamba tatizo lake ni uzembe.

Hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Ina historia ya kibiashara. Kwa miaka mingi muundo wa .doc ulikuwa wa kampuni iliyoubuni, na waliotaka kuufungua kwa programu nyingine walilazimika kubahatisha mengi kwa kuuchokonoa. Microsoft ilikuja kuchapisha maelezo ya miundo hiyo ya zamani hadharani mwaka 2008. Kabla ya hapo, mwaka 2005, shirika la viwango la OASIS lilikuwa limepitisha muundo wa wazi uitwao OpenDocument, ambao mafaili yake ya maandishi huishia na .odt, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 26300. Microsoft ilikuja na muundo wake mwenyewe, ule wa .docx, wenye maelezo ya kurasa zaidi ya 6,000. Kura ya kuufanya kiwango cha kimataifa haikutosha mwaka 2007. Ulipita mwaka 2008 baada ya marekebisho, na Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zilikata rufaa ambazo hazikukubaliwa. Miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa ni kwamba maelezo ya awali yalikuwa na vipengele vilivyoagiza programu itende kama ilivyotenda Word ya mwaka 1995, bila kueleza Word hiyo ilitenda vipi. Hatimaye kiwango kikagawanywa katika sura mbili, moja safi na moja ya mpito inayobeba mabaki ya zamani. Mpaka leo Word inapohifadhi faili bila kuelekezwa vingine, hutumia ile ya mpito. Kwa hiyo mtu anaposema .docx ni kiwango cha kimataifa, anasema kweli, ila ukweli huo haumaanishi kwamba kila programu inaweza kuutimiza kikamilifu.

Gharama ya kuifungia kumbukumbu ndani ya programu moja tutaiona karibuni katika steshenari zetu. Kadi za harusi, vyeti vya semina, ratiba za misiba, vipeperushi vya shule na mabango ya mikutano vimetengenezwa kwa miaka mingi katika Microsoft Publisher, kwa mafaili ya .pub. Microsoft imetangaza kwamba programu hiyo inafikia mwisho wa kuungwa mkono Oktoba 2026, na kwamba wanaolipia huduma ya Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili hayo kwa Publisher. LibreOffice Draw inaweza kufungua mafaili ya .pub, jambo ambalo linaokoa mengi, ingawa si kila mpangilio utabaki sawa. Maelfu ya kurasa za maisha ya watu yamo katika flashi na kompyuta za wachapaji, na uhai wa kurasa hizo umetegemea uamuzi wa kampuni iliyo mbali, ambayo ina haki kamili ya kuacha biashara isiyolipa. Hakuna hila katika hilo. Ndivyo biashara zinavyoendeshwa, na ndiyo sababu taasisi ya umma haipaswi kuwalazimisha wananchi kuhifadhi au kutuma maandishi yao kwa njia inayotegemea uamuzi wa namna hiyo.

Serikali nyingine zimeshalifikiria jambo hili na kuliamua. Julai 2014 serikali ya Uingereza ilichagua viwango viwili kwa kazi mbili. Waraka wa kusomwa tu utolewe kwa PDF/A au kama ukurasa wa tovuti. Waraka wa kuhaririwa kwa pamoja utumwe kwa OpenDocument. Busara ya uamuzi huo iko katika mgawanyo wake. PDF ilibuniwa na Adobe mwaka 1993 kwa lengo la kuufanya ukurasa uonekane uleule kila mahali, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha ISO. PDF/A, aina yake ya kuhifadhia kumbukumbu iliyopitishwa 2005, inalazimisha fonti zibebwe ndani ya faili, kwa hiyo mpokeaji hahitaji kuwa nazo. Word inatoa PDF, LibreOffice inatoa PDF, WPS na Google Docs vilevile. Mtu mwenye simu na mtu mwenye kompyuta ya ofisini wanakutana hapo wakiwa sawa. Ukichunguza nyaraka ambazo mtu wa kawaida hutuma kutoka nyumbani, yaani barua ya maombi, wasifu, mkataba wa pango uliosainiwa, ankara, muhtasari wa kikao, taarifa ya maendeleo kwa mfadhili, utakuta nyingi zimeshakamilika. Hakuna sababu ya kuzituma katika hali inayomruhusu mpokeaji, au mashine yake, kuzibadilisha.

Wapo watakaosema suluhisho ni jepesi kuliko hili: kila mtu atumie Word, basi. Hoja hii inavutia kwa sababu inaonekana kuakisi hali ilivyo. Lakini inasahau mambo matatu. Kwanza, haiwezi kumbana mtu ambaye kompyuta yake pekee ni simu. Word ya simu ipo, ila kupanga jedwali la kurasa nne kwa kidole gumba ni kazi nyingine kabisa. Pili, inawasukuma watu kwenye nakala zisizo na leseni, ambazo huja na vifunguo vilivyopakuliwa kutoka tovuti zisizojulikana, na mara nyingi huja na virusi ndani yake. Ofisi ya umma inayodai faili la Word bila kujali mwananchi atalipata wapi inafumbia macho ukiukaji wa sheria ya hakimiliki ambayo serikali hiyohiyo imeitunga. Tatu, kama tulivyoona kwa Aptos, Word na Word hazilingani. Aliye na toleo la mwaka huu na aliye na toleo la miaka kumi iliyopita wana programu mbili zenye jina moja. Usawa unaotarajiwa kwa kutumia programu moja haupo. Uliopo ni usawa wa jina.

Wengine watasema, kwa haki zaidi, kwamba PDF haihaririki. Ofisa utumishi anataka kunakili maelezo ya mwombaji kwenye fomu yake. Mhariri wa gazeti anataka kukata aya. Mwalimu mkuu anataka kurekebisha mtihani alioandaa mwalimu nyumbani. Kwa ofisa utumishi jibu ni kwamba PDF iliyotolewa na programu ya kuandikia, tofauti na picha iliyopigwa kwa simu, inaruhusu maneno kutafutwa na kunakiliwa. Kwa mhariri na mwalimu mkuu pingamizi ni la kweli, na ndiyo maana sipendekezi PDF kwa kila kitu. Waraka wa kuhaririwa utumwe ukiwa wazi, na mpokeaji akubali .odt na .docx pia. Hilo halimgharimu chochote: Office yenyewe imekuwa ikifungua .odt tangu nyongeza ya pili ya Office 2007, iliyotoka mwaka 2009, na LibreOffice inafungua .docx. Ipo hata njia ya katikati ambayo wengi hawaifahamu. LibreOffice inaweza kutoa PDF mseto, yenye ukurasa uliofungwa kwa wasomaji wote na, ndani yake, faili la .odt ambalo LibreOffice nyingine inaweza kulifungua na kulihariri. Waraka mmoja unakuwa umetimiza kazi zote mbili.

Kuna pia wanaoona mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi watu huandika mtandaoni na kutumiana kiungo. Kwa kikundi kidogo kinachoandika pamoja, na chenye intaneti ya uhakika, Google Docs ni nzuri, na sina ugomvi nayo. Kama njia ya mwananchi kuwasilisha waraka rasmi, ina kasoro. Inahitaji bando kila waraka unapofunguliwa. Inategemea akaunti: akaunti ikifungwa au ruhusa ikikosewa, mpokeaji anakutana na ukurasa unaomwomba ruhusa badala ya barua. Tena kilichomo kwenye kompyuta ya mwandishi si waraka. Faili la .gdoc linaloonekana kwenye folda ya Drive ni kielekezo tu. Anayelinakili kwenye flashi akidhani amehifadhi tasnifu yake hajahifadhi kitu. Na siku atakapotaka kutoka huko, itambidi aupakue waraka kama .docx, .odt au PDF, yaani atarudi kwenye swali lilelile la muundo ambalo alidhani amelikwepa.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalotaja Munich. Halmashauri ya jiji hilo la Ujerumani iliamua mwaka 2003 kuachana na Windows, ikahamisha karibu kompyuta 15,000 kwenye Linux na programu huria kufikia 2013, kisha mwaka 2017 ikapiga kura kurudi ilikotoka. Miongoni mwa malalamiko ya watumishi ni yaleyale ya mafaili kutoka nje kufika yamevurugika. Je, huo si ushahidi kwamba kupigana na mazoea ya wengi ni kupoteza fedha? Nasoma somo tofauti. Munich ilibadilisha programu za watumishi wake wakati dunia iliyoizunguka ikiendelea kuiletea mafaili ya muundo uleule. Nisemalo hapa halihitaji ofisi yoyote kufuta Word. Karani abaki na programu aliyoizoea. Kinachobadilika ni kile anachokubali kupokea na kile anachotoa nje. Hiyo ni hatua ndogo na ya bei nafuu kuliko ya Munich, na mataifa tajiri hayajakata tamaa hata kwa ile kubwa: mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, lilitangaza kuhamishia kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake kwenye LibreOffice. Wala sidai kwamba OpenDocument haina kasoro. Word inapofungua .odt nayo hupoteza baadhi ya mambo. Faida ya muundo wa wazi ni kwamba kasoro yake inaweza kuonekana na kurekebishwa na yeyote mwenye ujuzi, popote alipo.

Wakati ofisi zinajifikiria, mtu wa nyumbani asikae akisubiri. Achague programu moja iwe makao ya waraka wake, auhifadhi humo kwa muundo wa programu hiyo, na kila anapotuma atoe nakala. Kinachoua waraka ni safari za kwenda na kurudi: kuuanza kwenye WPS, kuupeleka Google Docs, kuurudisha Word ya steshenari, kisha kuuhifadhi juu ya ule wa kwanza. Kila kivuko huacha kitu nyuma. Aanze kwa kuweka karatasi ya A4. Atumie mitindo ya vichwa na aya iliyomo kwenye programu, na vituo vya tabo au jedwali lisilo na mistari mahali pa nafasi 30. Akilazimika kutuma faili la kuhaririwa, aandike kwa Liberation au kwa Arial na Times New Roman, ambazo zina mbadala wa upana uleule, au awashe chaguo la kupachika fonti ndani ya faili, ambalo limo katika Word na LibreOffice. Katika majedwali aandike tarehe kuanzia mwaka, 2025-04-03, na namba za simu aziweke kama maandishi. Anapokwenda kuchapisha steshenari, abebe PDF na faili la asili pamoja. Hayo yakifanyika, mengi ya maudhi haya huisha siku hiyohiyo.

Lakini maarifa ya mtu mmojammoja hayawezi kuziba pengo lililowekwa na taratibu. Tanzania ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na yenye jukumu la kuweka viwango kwa taasisi za umma. Kenya ina Mamlaka ya TEHAMA. Na nchi zote mbili zina mashirika ya viwango, TBS na KEBS, yaliyo wanachama wa ISO iliyopitisha miundo ninayoitaja. Hatuanzi kutoka sifuri kwa upande wa programu pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati ambapo wengi waliamini kompyuta haiwezi kuzungumza lugha hii. Kilichokosekana baada ya hapo hakikuwa ustadi. Kilikosekana kichocheo: mwanafunzi aliyejifunza programu hiyo alikutana na tangazo la kazi lililomtaka atume faili la Word, akajifunza kwamba alichofundishwa hakihesabiwi. Sharti moja la ofisini lina nguvu ya kubatilisha mafunzo ya mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo marekebisho yanayohitajika yaanzie kwenye sharti lenyewe. Kila tangazo la ajira, la zabuni na la udahili la taasisi ya umma liwe na maneno haya au yanayofanana nayo: tuma waraka uliokamilika kwa PDF, ukiombwa nakala ya kuhariri, .odt na .docx zote zinapokelewa. Fomu ambazo taasisi hizo huwapa wananchi wajaze zitolewe kwa namna ileile, zikiwa zimejaribiwa kwenye simu na kwenye angalau programu mbili tofauti kabla ya kuwekwa hadharani. Mwombaji yeyote asiondolewe kwa sababu ya mpangilio wa ukurasa kabla hajapewa nafasi ya kutuma upya. Hakuna bajeti mpya inayohitajika kwa lolote kati ya hayo, wala leseni, wala semina ya wiki mbili hotelini. Waajiri binafsi watafuata kwa faida yao wenyewe, kwani anayechuja maombi 300 anataka kuona kazi za waombaji, si tofauti za fonti zao. Mamlaka ya Serikali Mtandao na Mamlaka ya TEHAMA zinaweza kuyaweka maneno hayo katika mwongozo wa ukurasa mmoja, na zikiutoa, zianze kwa kuutumia katika matangazo yao wenyewe.